Parokia Iliyohesabu Wafu Wake

Katika kila parokia ya Kanisa Katoliki pana vitabu vitatu ambavyo paroko amepewa wajibu wa kuvitunza: kitabu cha waliobatizwa, kitabu cha waliofunga ndoa, na kitabu cha waliofariki. Viwili vya kwanza wakristo wanavifahamu vizuri, kwa maana mara nyingi wanakuja kuomba karatasi zao kwa ajili ya arusi au ubatizo wa watoto. Kitabu cha tatu ni nadra mtu kuomba kifunguliwe. Wengi wanadhani ya kwamba ni kitabu cha mambo yaliyokwisha. Marehemu amesaliwa, amezikwa, jina lake limeandikwa. Limebaki neno gani tena?

Neno limebaki. Kitabu cha wafu si cha wafu peke yao. Akikisoma mtu mwenye akili na mwenye huruma, chaweza kuwaokoa walio hai. Jambo hilo lilionekana wazi katika parokia moja ya mji wa London, nchi ya Uingereza, mwaka 1854. Habari zake zafaa kusimuliwa kwetu, sisi tunaokaa karibu na maziwa na mito ambamo maradhi yale yale hayajakoma.

Mji uliokua upesi kuliko visima vyake

Malkia Victoria alianza kutawala Uingereza mwaka 1837, akafa mwaka 1901. Katika muda huo nchi yake ilijaa viwanda na reli, na watu wa mashambani wakaingia mijini kutafuta kazi, kama vile wengi wa kwetu walivyoingia Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Mwaka 1801 mji wa London ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Mwaka 1851 walikuwa zaidi ya 2,300,000.

Nyumba zilijengwa, lakini mambo ya usafi hayakufuata. Jamaa moja ilikaa katika chumba kimoja, na katika nyumba moja zilikaa jamaa nyingi, toka chini hata darini. Chini ya nyumba au mbele yake palichimbwa shimo la kutupia uchafu, na mashimo hayo mara nyingi hayakusafishwa. Mitaro mingine ilipeleka uchafu katika mto Thames, na katika mto huo huo makampuni ya maji yalivuta maji ya kuwauzia watu. Wasionunua maji ya kampuni walikwenda kwenye kisima chenye pampu kando ya barabara. Kwa hiyo mji mzima, matajiri na maskini, ulikuwa ukinywa uchafu wake wenyewe, wala haukujua.

Msomaji aelewe pia jambo moja. Kwa Waingereza wa siku zile parokia haikuwa shirika la sala peke yake. Ilikuwa pia sehemu ya utawala. Baraza la parokia lilitoza kodi, lilitunza maskini, lilisimamia barabara na pampu za maji. Ndiyo sababu wazee wa parokia walikuja kusimama mbele ya daktari na kuamua jambo la maji.

Serikali yaanza kuhesabu

Tangu zamani makanisa ya Uingereza yaliandika maziko. Lakini tangu mwezi wa Julai 1837 serikali ilianza kuandikisha yenyewe kila uzazi, kila ndoa na kila kifo katika nchi ya Uingereza na Wales. Katika ofisi hiyo mpya alifanya kazi daktari mmoja jina lake William Farr. Kazi yake ilikuwa kukusanya hesabu. Alitaka kila kifo kiandikwe pamoja na sababu yake, kisha akalinganisha mtaa na mtaa, kazi na kazi, umri na umri.

Hapo ndipo ilipo hekima ambayo wengi hawaizingatii. Mtu akisema, «Mwaka huu kwetu wamekufa watu 40», hajatufundisha kitu bado. Kama ni kijiji cha watu 1,000, huo ni msiba mzito. Kama ni mji wa watu 10,000, ni watu 4 tu katika kila 1,000. Ni lazima kugawa idadi ya wafu kwa idadi ya wakaaji. Ndipo mahali pawezapo kulinganishwa na pengine. Kwa kawaida, katikati ya karne ile, Uingereza ilipoteza kila mwaka watu wapatao 22 katika kila 1,000. Sheria ya afya ya mwaka 1848 iliruhusu serikali kuunda baraza la afya mahali popote ambapo wafu walizidi 23 katika kila 1,000. Hivyo hesabu ya wafu ikawa kama kengele: ikipita kipimo fulani, lazima wakubwa waamke.

Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa taarifa kubwa juu ya afya ya watu wa kazi. Ndani yake palikuwa na hesabu za kutisha. Katika mtaa wa Bethnal Green, mashariki ya London, mabwana na jamaa zao walikufa wakiwa na umri wa miaka 45, tukichukua wastani. Wafanya biashara, miaka 26. Vibarua na jamaa zao, miaka 16. Asidhani mtu ya kwamba kila kibarua alikufa akiwa kijana wa miaka 16. Wastani ulishuka hivyo kwa sababu watoto wachanga wengi mno walizikwa kabla ya kutembea. Na tena Chadwick alionyesha ya kwamba kibarua wa mashamba ya Rutland alikuwa na wastani wa miaka 38, sawasawa na bwana mwenye elimu wa mji wa Manchester. Basi umaskini ulikuwa ukiua, lakini na mahali pa kukaa palikuwa pakiua vilevile, wala fedha ya bwana haikuweza kumlinda kabisa na uchafu wa mji wake.

Siku kumi katika Broad Street

Kipindupindu, ambacho wengi wetu twakiita kolera, kilifika Uingereza mara ya kwanza mwaka 1831, katika bandari ya Sunderland. Kilirudi mwaka 1848 na 1849, kikaua watu zaidi ya 14,000 katika London pekee. Mwaka 1853 kikaja tena.

Wakati ule karibu madaktari wote walisadiki ya kwamba maradhi hayo yanaletwa na hewa mbaya, yaani harufu ya uchafu uliooza. William Farr naye alisadiki hivyo. Mawazo hayo hayakuwa ya kijinga: mahali penye harufu mbaya ndipo walipokufa wengi. Lakini mambo mawili yakitembea pamoja, si lazima moja liwe baba wa jingine.

Katika parokia ya Mtakatifu James, Westminster, palikuwa na mtaa wa mafundi na vibarua, ambao leo ni sehemu ya Soho. Barabara moja yake iliitwa Broad Street, na kando ya barabara hiyo palisimama pampu iliyosifiwa na watu wote kwa maji yake baridi na yenye kung'aa. Wengine waliokuwa na pampu karibu zaidi waliiacha, wakatuma watoto kuchota katika ile ya Broad Street.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 maradhi yakaanguka juu ya mtaa huo. Tarehe 1 Septemba peke yake watu 143, ambao hawakupona, walishikwa na ugonjwa. Mtu aliyekula chakula cha mchana akiwa mzima alikuwa maiti kabla ya jua la pili kuchwa: anahara maji kama ya wali uliooshwa, anatapika, macho yanazama, ngozi yabadilika rangi, na akili yake ingali timamu mpaka mwisho. Watu waliokuwa na mahali pa kukimbilia walikimbia. Katika siku kumi walikufa watu zaidi ya 500, wote wakiwa wakaaji wa eneo ambalo mtu angeweza kulivuka kwa dakika chache. Mwisho wake hesabu ikafika 616.

Daktari na orodha ya wafu 83

Karibu na mtaa huo alikaa daktari John Snow. Alizaliwa York mwaka 1813, mtoto wa kibarua. Akiwa na umri wa miaka 14 alitumwa Newcastle kujifunza udaktari, na huko alipelekwa kuwauguza wachimba makaa walioshikwa na kipindupindu. Baadaye alipata sifa kubwa kwa dawa ya usingizi. Mwaka 1853 ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa hiyo alipokuwa akizaa.

Snow aliwaza hivi: kama ugonjwa unaingia kwa hewa, mbona hauanzii mapafuni? Mbona unaanzia tumboni? Yamkini mtu anaumeza. Na tena wachimba makaa walikula migodini bila kunawa mikono, wala hapakuwa na choo. Mwaka 1849 aliandika kijitabu akisema ya kwamba sumu ya kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa, ikaingia katika maji au chakula, kisha katika kinywa cha mtu mwingine. Wakubwa hawakumsikiliza.

Basi aliposikia habari za Broad Street, hakuanza kwa kubishana. Alikwenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, akaomba orodha. Ndani yake akachagua wafu 83 wa siku tatu za mwisho za juma lililokwisha tarehe 2 Septemba. Akashika orodha hiyo, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza neno moja: marehemu alikunywa maji ya wapi?

Jibu likaanza kuonekana. Wafu 73 walikuwa wakikaa karibu na pampu ya Broad Street kuliko pampu nyingine yoyote. Katika hao, 61 walijulikana kwa hakika ya kuwa walikunywa maji yake. Waliobaki 10 walikaa karibu na pampu nyingine. Lakini katika hao 10, jamaa za 5 walikiri ya kuwa desturi yao ilikuwa kuchota Broad Street, na 3 wengine walikuwa watoto waliokwenda shule karibu na pampu ile.

Jioni ya Alhamisi, tarehe 7 Septemba, Snow alikwenda mbele ya wazee wa parokia waliosimamia maskini, akawaeleza aliyoyaona. Kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa.

Wale ambao hawakufa

Mtu mwenye akili haulizi juu ya wafu peke yao. Huuliza pia: kwa nini wengine wamepona? Hapo Snow alionyesha uhodari wake.

Karibu na pampu, katika Poland Street, palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535. Nyumba zilizoizunguka zilijaa maiti. Ndani yake walikufa kwa kipindupindu 5 tu. Kumbe nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake na maji ya kampuni, wala haikutuma mtu Broad Street. Tena, katika Broad Street yenyewe palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanya kazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja. Walipewa pombe ya kiwanda, wala hawakuigusa pampu. Lakini katika kiwanda kingine cha barabara hiyo hiyo, chenye watu wapatao 200, maji ya pampu yaliwekwa katika mapipa mawili ili wafanya kazi wanywe. Huko walikufa 18.

Na palikuwa na mjane mmoja aliyekaa Hampstead, mbali na mtaa ule, mahali pa milimani penye hewa nzuri. Hapakuwa na kipindupindu huko. Lakini zamani aliwahi kukaa Broad Street, akapenda utamu wa maji yake, hata kila siku aliletewa chupa moja kwa gari la farasi. Alikunywa maji hayo tarehe 31 Agosti. Tarehe 2 Septemba amekufa. Mpwa wake aliyemtembelea akanywa vilevile, akarudi kwao Islington, naye akafa. Hewa ya Broad Street haikusafiri mpaka Hampstead. Chupa ndiyo iliyosafiri.

Kasisi aliyetaka kumpinga daktari

Sasa twafika kwa mtu ambaye jina lake halijulikani sana, naye astahili heshima kubwa. Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa Kanisa la Kianglikana katika kanisa la Mtakatifu Luka, Berwick Street, ndani ya mtaa ule. Hakuwa hata na miaka 30. Siku zile za msiba hakukimbia. Alipanda ngazi za nyumba zile usiku na mchana, akikaa na wenye kufa, akiwafariji wajane. Ingawa hakuwa wa Kanisa letu, matendo yale ndiyo Bwana wetu aliyotuagiza, na mkristo yeyote ayasome kwa shukrani.

Whitehead aliposikia maneno ya Snow hakuyasadiki. Aliwajua watu wake, na aliwaona wengine waliokunywa maji ya pampu wakapona. Basi wazee wa parokia walipounda halmashauri ya kuchunguza msiba, naye akaingia, nia yake ikiwa kuonyesha ya kwamba daktari amekosa.

Alianza kazi ambayo karani yeyote angeichoka. Alikwenda katika kila nyumba ya Broad Street, nyingine mara nne au tano, akiuliza jina, umri, chumba, saa ya kushikwa na ugonjwa, na maji yaliyonywewa. Watu walimfungulia mlango kwa sababu walimfahamu. Ndiye aliyekaa nao siku ya msiba. Waliokimbilia mitaa mingine aliwatafuta huko. Na tena hakuwauliza waliofiwa tu, bali na wale ambao hawakuugua.

Hesabu yake ikamgeuza. Katika watu 137 waliokunywa maji ya pampu, 80 waliugua kipindupindu. Katika watu 297 ambao hawakunywa, waliugua 20 tu. Yaani zaidi ya nusu upande mmoja, na chini ya mmoja katika kumi upande wa pili. Whitehead alikuwa mtu mnyofu. Hakuificha hesabu yake iliyompinga mwenyewe, aliitangaza. Toka siku ile daktari na kasisi wakawa marafiki.

Mstari mmoja wa kitabu

Walakini swali moja lilibaki. Kama maji ya pampu yaliua, ni nani aliyeyatia sumu? Lazima awepo mgonjwa aliyetangulia.

Siku moja mnamo Aprili 1855 Whitehead alikuwa akisoma daftari la vifo akitafuta habari nyingine. Macho yake yakaangukia mstari mmoja: mtoto wa kike wa miezi mitano, katika nyumba namba 40 Broad Street, amekufa tarehe 2 Septemba kwa kuishiwa nguvu, baada ya kuhara siku nne. Hapakuandikwa kipindupindu, kwa hiyo hakuna aliyemhesabu. Alikuwa mtoto wa askari polisi. Lakini kuhara kwake kulianza kabla ya msiba wa mtaa. Na nyumba namba 40 ilikuwa ndiyo iliyo karibu kabisa na pampu.

Kasisi akaenda kwa mama yake. Mama akasimulia aliyoyafanya, jambo ambalo kila mama hulifanya: aliloweka na kufua vitambaa vya mtoto, na maji akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Wazee wa parokia wakaagiza shimo na kisima vichimbuliwe. Fundi akakuta ya kwamba matofali ya shimo yameoza, na uchafu unapenya udongoni. Na toka shimo mpaka kisima hapakuwa hata mita moja.

Basi maskini mama yule hakuua mtu. Alimtunza mtoto wake kama alivyoweza, katika nyumba iliyojengwa vibaya, juu ya shimo lililosahauliwa na wenye mamlaka. Wafu zaidi ya 600 walitoka katika ukuta mbovu wa matofali.

Na kuna jambo moja zaidi. Watu wengi husimulia ya kwamba msiba ulikoma siku ile mpini ulipoondolewa. Si kweli kabisa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua, maana wengi walikufa au kukimbia. Tarehe 8 Septemba walioshikwa na ugonjwa wa kuwaua walikuwa 12 tu. Lakini siku hiyo hiyo baba ya yule mtoto, yule askari, akashikwa na kipindupindu, akafa siku kumi na moja baadaye. Uchafu wa ugonjwa wake ungaliingia katika kisima kile kile. Kama mpini ungalikuwa mahali pake, mtaa ungalipigwa mara ya pili.

Kweli inayochelewa kusadikiwa

Mtu angedhani ya kwamba baada ya hayo wote walisadiki. Sivyo. Halmashauri ya madaktari wa serikali ilikataa maelezo ya Snow mwaka 1855, ikashikilia hewa mbaya. Naye Snow alikuwa na ushuhuda mwingine mkubwa zaidi. Kusini ya London makampuni mawili yaliuza maji katika barabara zile zile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha bomba lake mwaka 1852, ikavuta maji juu ya mto, mbali na uchafu wa mji; kampuni ya Southwark na Vauxhall ilivuta bado katikati ya uchafu. Katika majuma saba ya kwanza ya msiba, nyumba za kampuni hii ya pili zilipata vifo 315 katika kila nyumba 10,000. Nyumba za Lambeth, 37. Jirani na jirani walivuta hewa moja, lakini hawakunywa maji mamoja.

Snow alifariki mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 45, bila kuona ushindi wake. Mwaka huo huo, wakati wa joto, mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa. Ndipo fedha zikapatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa ya kupeleka uchafu chini ya mji, mbali na watu. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London, kikaua zaidi ya watu 5,000, wengi wao mashariki, ambako mitaro ilikuwa haijakwisha na kampuni ya maji iliuza maji yasiyochujwa. Mara hii William Farr mwenyewe, aliyekuwa mtu wa hewa mbaya, alifuata hesabu zake mpaka kwenye maji, akakiri ya kwamba Snow alisema kweli. Baada ya mwaka huo London haikupata tena msiba mkubwa wa kipindupindu. Kijidudu chenyewe kilikuwa kimeonwa na Filippo Pacini katika mji wa Firenze mwaka ule ule wa 1854, lakini ulimwengu haukumjali mpaka Robert Koch alipokitambulisha mwaka 1884.

Tusiseme, hata hivyo, ya kwamba Waingereza wa Victoria walimaliza kila kitu. Mpaka mwisho wa karne, katika watoto 1,000 waliozaliwa, wapatao 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maji safi yalikuwa mwanzo. Maziwa safi, chakula, na mafundisho kwa akina mama vilifuata polepole.

Na sisi je?

Wasomaji wapendwa, habari hii si ya mbali. Julai 1994 wakimbizi zaidi ya 500,000 kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache, wakanywa maji ya ziwa Kivu bila kusafishwa. Mnamo mwezi mmoja walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Na mpaka leo maradhi haya yanarudi katika Kivu, katika Tanganyika na katika Katanga, hasa penye maziwa.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuacha kumtafuta mchawi. Kifo kikija ghafula katika jamaa, watu huulizana nani ameroga, nani ametia sumu, na majirani wanachukiana mpaka vizazi. Watu wa London nao walikuwa na visingizio vyao. Snow na Whitehead waliuliza swali jingine: alikunywa maji ya wapi? Swali hilo halikuvunja jamaa hata moja, bali liliokoa nyingi.

La pili ni kulinda maji. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, wala kisiwe upande wa juu wa mteremko. Maji ya ziwa na ya mto yachemshwe au yatiwe klorini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Vitambaa vya mtoto anayehara visifuliwe kisimani wala mtoni. Kumbukeni mama wa Broad Street. Maji yanayong'aa si lazima yawe safi. Ile pampu ilisifiwa kuliko zote.

La tatu, anayehara sana apelekwe zahanati bila kungoja. Njiani na nyumbani anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Wagonjwa wa siku za Snow walikufa kwa kukaukiwa maji. Wa leo, akinyweshwa mapema, mara nyingi sana anapona.

La nne ni kuandika. Mtoto akifariki, hata akiwa mchanga, jina lake liandikwe, na ugonjwa wake, na siku ulipoanza. Jamaa wengine wanamzika mtoto mdogo kimya kimya, kama kwamba hakuwako. Nao viongozi wa jumuiya ndogo, makatekista na walimu, ambao wanafunguliwa milango yote kama yule kasisi, waangalie: vifo vikizidi katika mtaa mmoja, waende upesi kuwaambia wauguzi na wakubwa, wakiwa na majina na tarehe mkononi, wala si uvumi.

Maandiko Matakatifu yanamsifu Tobiti kwa kuwazika wafu. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Kuwaandika kwa uangalifu, na kusoma maandiko hayo kwa ajili ya waliobaki, ni kulikamilisha tendo hilo. Mtoto wa askari wa Broad Street aliishi miezi mitano, na katika daftari alipata mstari mmoja tu. Mstari huo, kwa kuwa uliandikwa kweli na ukasomwa na mtu aliyejali, ulionyesha mahali ambapo maji na uchafu vilikutana.